Jina la Martina

Kijiji kipya, karibu na Ulemo
3 Machi 1975

Mdogo wangu Damari,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi hatujambo, ila tangu operesheni ya vijiji ituhamishe nyumba bado inavuja, na ndege wanatumalizia mtama. Je, wewe na kazi za zahanati?

Ama baada ya salamu, nimesikia Esta yuko kwako. Mwanangu anaacha darasa la saba akiwa na mimba, anapanda basi hadi Mkiwa, na mama yake mdogo hanitumii hata neno! Nakujua wewe. Mwaka jana ulisema mbele ya wageni wangu kwamba msichana asiyetaka mimba asilazimishwe kuibeba. Nilinyamaza kwa aibu. Leo sinyamazi. Kilichomo tumboni ni kiumbe cha Mungu. Ukikigusa, usiniite dada tena.

Arudi. Baba yake, Laurenti, ni mwinjilisti. Jina lake litasomwa kanisani kama majina ya wengine waliotenda dhambi, atakaa benchi la nyuma, yataisha.

Ni mimi dada yako,
Raheli


Mkiwa
11 Machi 1975

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Esta naye mzima, ila anakula kidogo. Poleni na nyumba.

Dada, barua yako imeniuma. Lakini nitafanya kama marehemu mama alivyotulazimisha tulipogombana: nirudie kwanza maneno yako, ndipo niseme yangu. Unasema tumboni mna mtu, na hakuna mwenye ruhusa ya kumwondoa. Unasema hivyo kwa sababu unampenda na huyo ambaye hajazaliwa. Nimekusikia vizuri?

Sasa yangu. Sijamgusa, na sheria hainiruhusu. Lakini bado naamini mwenye tumbo ndiye wa kuulizwa kwanza. Agosti iliyopita nililetewa msichana wa huko kwenu, Martina, amekunywa mizizi ya kutoa mimba. Alifia mikononi mwangu. Hakusema anaogopa mtoto. Alisema, "Nesi, Jumapili jina langu litasomwa." Esta naye anasema hayo hayo. Mizizi inauzwa hapa njia panda, na mchana kutwa mimi niko kazini. Naogopa, dada.

Mdogo wako,
Damari


Karibu na Ulemo
27 Aprili 1975

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tupo. Usidhani barua yako ilipotea. Niliipata mapema, nikashindwa kujibu.

Narudia maneno yako. Unasema aulizwe kwanza, na kwamba hofu ndiyo iliyomuua Martina. Nimekusikia. Kuhusu mimba sikubaliani nawe, na sidhani nitakubali; hata hicho kilichokufa na Martina nakililia. Lakini jina lake, Damari, ni mimi niliyempelekea Laurenti. Niliona kanga imembana tumboni pale kisimani, nikaenda moja kwa moja kumwambia mume wangu. Hata salamu sikumpa yule mtoto! Nikajiona nimefanya kazi ya Mungu.

Mwambie Esta jina lake halitasomwa. Nimemwambia baba yake akilisoma, aanze na langu. Wiki mbili sasa hatusemezani. Naomba nije nimwone mwanangu.

Raheli


Mkiwa
4 Mei 1975

Dada,

Shikamoo. Tuko salama. Nimemsomea Esta barua yako. Alilia sana, kisha akasema hatazungumza nawe mpaka uwe umekwenda kwa mama yake Martina. Nikamwambia huo ni mzigo mzito. Akanijibu, "Akishindwa kumkabili yule, mimi atanisikilizaje?"

Jana nimekuta fungu la mizizi chini ya godoro lake. Hajaitumia, na alinikabidhi mwenyewe nilipomwomba. Lakini kuna nyingine njia panda. Usikawie.

Damari


Karibu na Ulemo
13 Mei 1975

Damari,

Hamjambo wote? Nimekwenda, leo asubuhi.

Mama Martina alikuwa anapura mtama uani. Aliponiona hakuacha. Nikasema yote nimesimama: kisima, kanga, mdomo wangu, hata hofu ya Esta. Kisha akakaa chini, akauliza mimba ya Esta ina miezi mingapi. Nikasema mitano. Akanitazama, akasema, "Mimi hakuna aliyeniambia kwamba wangu anaogopa. Wewe umeambiwa. Unangoja nini hapa?"

Barua hii nampa dereva wa basi. Mimi nafuata kesho. Ninaloamini naja nalo, sitakudanganya. Ila mwambie Esta nitamuuliza kwanza yeye, nami nitakaa kimya mpaka amalize.

Dada yako,
Raheli