Masikio Mazima

Jumamosi. Manyunyu tangu asubuhi, nami nimekaa kwa Mama hapa Kajiado nikiandika na matope miguuni. Nina furaha, ingawa sijui kama naistahili.

Wacha nikiri mapema: kosa ni langu. Mimi ndiye niliyefunga saluni yangu Kitengela siku moja, nikaja kumwambia Mama asiwakate mbuzi wake madume alama ya ukoo masikioni. Dalali wa mbuzi alikuwa ametuambia kwamba Waarabu, kwa Idi ya kuchinja, wanataka mbuzi asiye na kasoro, masikio yakiwa mazima. Mama alinung'unika wiki nzima, ila alikubali.

Kisha vita vikazuka huko Uarabuni, anga ikafungwa, dalali akazima simu.

Juzi radi iliwatisha mbuzi wetu wakavunja boma, wakachanganyika na wa jirani, Baba Saitoti. Naye pia alikuwa amemsikiliza dalali. Madume wote hawana alama, na Mama na huyo mzee hawajasalimiana miaka miwili kwa sababu ya zamu ya maji kisimani. Kusema kweli nililia. Niliona kesi ikifika kwa chifu.

Mama hakosi redio. Leo asubuhi ilisema vita vimesimama, na kwamba nchi mbili zilizofukuziana mabalozi zimeketi meza moja. Akaizima, akavaa shuka lake.

"Kama hao wanaongea, mimi naendelea kununa nikingoja nini?"

Tukaenda. "Sopa," Mama alimsalimu kwa Kimaasai langoni. Mzee akaitikia, akifungua lango. "Epa. Ingia, mama, chai iko."

Baada ya chai Mama aliwaita mbuzi wake kwa majina, mmoja mmoja, wakamfuata. Mzee naye akawaita wake. Kila dume aliyetambuliwa alikatwa alama hapo hapo, mambo yasije yakajirudia. Akabaki mmoja mweusi, asiyemwitikia mtu.

"Huyo ni wako," Mama akasema.

"Hapana, huyo ni wako kabisa."

Ndipo simu yangu ikalia. Dalali. Ndege zinaruka tena, anataka madume wote, masikio mazima.

Nilimtazama Mama, kisu bado mkononi mwake. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwambie tuko na mmoja."

Dalali akauliza ni wa nani. Nimemwambia nitampigia kesho. Wazee hawa wawili bado wanabishana, na sitaki wamalize haraka.