Salamu Zilizokatwa

Kwako mdogo wangu Chiriku,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mjukuu alitaka kunichapia kwenye simu, nikamkatalia, nisije nikasahihishwa. Ukiona mwandiko kama kuku kapita, ndiye kuku yule yule wa darasa la pili, hajachinjwa. Nimetimiza miaka tisini na moja. Nimewazika madaktari wawili walionikataza chumvi, na redio nne zimenifia mkononi. Masikio mazima, magoti ndiyo yamegoma, na usingizi umenihama. Wewe je, presha imeshuka? Na yule mkweo mwenye maneno, bado hajachoka?

Kilichonikalisha mezani ni habari ya kaka yetu mkubwa. Najua hutaki kumsikia. Vumilia, maana hata mimi nimechoka.

Yupo binti wa maktaba ya mji anayekusanya barua za vita na sauti za wazee tuliobaki, kabla hatujaondoka nazo. Mwenye kumbukumbu nzima ni mimi peke yangu. Wenzangu wanachanganya vita na mafuriko. Ukuta wa maktaba utaandikwa majina ya waliokufa vitani. La kaka halimo, mpaka mimi na wewe, ndugu wawili tuliobaki, tukubali. Mimi nimekubali. Wewe, nasikia, ulimjibu binti kwenye simu kwamba aliyelowea ughaibuni na mwanamke hakufa, amehama tu. Mchoraji anaanza Jumatatu.

Basi binti alikuja na barua za kaka, zile za sanduku la mama, amezichapa vizuri. Akanisomea. Nikamwuliza salamu ziko wapi. Akasema amezikata, kwa kuwa zinafanana zote na hazina historia. Nikafunga mdomo. Unanijua nikifunga mdomo. Akanibembeleza, babu sema basi, chombo cha kunasia sauti kinakula betri bure. Nikamwambia aliyekata salamu amekata barua. Hapo kilichobaki ni mvua na soksi. Mwisho akaguna, akazitoa barua zenyewe, akazisoma kama zilivyo, moja baada ya nyingine. Ya mwisho nikamwomba airudie.

Chiriku, barua zile zilifunguliwa na wakubwa wa jeshi kabla ya kutufikia. Wakiona habari, wanaipaka wino mweusi. Salamu hawakuzigusa, nao, kama binti, waliona zinafanana. Katika barua moja kaka anamsalimu fundi cherehani, yule mwenye mguu mbovu, anasema siku hizi wao ni wenzi. Sisi tukadhani ni urafiki, kumbe ni mguu. Ya mwisho kabisa inasema: nisalimieni babu, mwambieni anisogezee nafasi.

Babu alikuwa kaburini tangu kabla ya vita.

Barua hiyo nilimsomea mama mimi, maana msomi wa nyumba nzima nilikuwa mimi. Nilicheka. Nikasema mabomu yamemvuruga kaka, anasalimu maiti. Mama hakucheka. Aliichukua karatasi, akaniambia nisimsomee baba. Vita vilipokwisha, mtu akaleta uvumi kwamba kaka kaonekana mji fulani na mwanamke. Baba akaushika uvumi huo, akafa hajamtaja tena mwanawe, nawe ukaupokea kwake kama urithi. Mama alinyamaza. Nadhani aliona afadhali awe na mwana aliyelowea kuliko kumzika kwa mdomo wake mwenyewe. Nami niliyejigamba maisha yote kuwa ndiye niliyezisoma barua za kaka, nimezielewa Alhamisi iliyopita.

Mpigie binti kabla ya Jumatatu. Sikusukumi. Nguvu za kukusukuma sina tena.

Wasalimie wote hapo kwako, walio hai kwanza. Na ukitaka shahidi wa maneno haya, usihangaike. Fundi cherehani amekufa, mama amekufa, na binti alichonacho ni karatasi. Lakini siku ile ile ya barua ya mwisho mama alikushika mkono, mkatoka. Mliporudi ulituambia mama kaamkia majani kule makaburini, kayaambia yasogee, na majani hayakumwitikia. Tulikucheka mpaka ukalia, tukakubandika jina la Chiriku kwa kusema sana.

Shahidi wangu ni wewe.

Ni mimi kaka yako, yule aliyebaki.