Kifungu cha Tatu na Pipa la Shule

Jumatano. Mawingu mazito tangu alfajiri, mvua hakuna.

Kwako shajara, na kwako uliyeufungua ukurasa huu: salaam. Dhumuni la maandishi haya ni kukiri kosa langu kwa kalamu, kabla sijalikiri kwa mdomo.

Kipindupindu kilipoingia vijiji vya jirani, wazazi tuliitwa shuleni. Mke wangu alitaka shule ifungwe. Mimi nilipinga: binti yetu Kabula yuko darasa la saba, anatazamia sekondari ya Bariadi mjini, na mtihani umekaribia. Hatimaye tuliafikiana shule iendelee kwa masharti. Kwa kuwa najulikana kwa barua zenye mpangilio, niliombwa kuyaandika.

Kifungu cha tatu nilikitunga kwa fahari: "Kila mwanafunzi atakuja na maji yaliyochemshwa, nayo yatahifadhiwa kwa pamoja katika pipa la shule." Pipa hilo ni zawadi ya mmoja wa wanunuzi binafsi wa pamba, waliotufikia tangu soko lilipofanywa huria. Watoto wetu wamelijaza kwa vidumu miaka yote. Sikuona haja ya kufikiri zaidi.

Nilipokisoma mkutanoni, mama mmoja aliuliza, "Na asiye na kuni je, baba?"

Nilimjibu kwamba hoja yake imepokelewa.

Haikupokelewa popote.

Leo asubuhi nilipita shuleni kukagua utekelezaji. Watoto walipanga foleni wakimimina. Nyanzobe, binti mdogo wa darasa la pili, alimimina maji yenye rangi ya chai ya maziwa, yaliyochotwa kwenye mchanga wa mto.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma. "Mama ameyachemsha haya?"

"Kuni zimeishia kwenye uji, baba. Maji yamekuja mabichi."

"Nyanzobe kaleta mboga mbichi!" wenzake wakapiga kelele, wakicheka.

Nyuma yao Kabula alikuwa ameshachota kwa kikombe cha wote, kile kilichofungwa kamba. Nilimkataza. Akanishangaa.

"Baba, si kifungu chako? Mbona tunakunywa humu tangu kilipoanza wiki iliyopita?"

Nilipaswa kulipindua pipa palepale. Lakini mwalimu wa zamu alikuwa akinitazama, nami niliona aibu kukivunja kifungu changu mbele ya watoto. Niliaga kwa heshima, nikaondoka.

Adhuhuri bibi yake Nyanzobe alipitishwa mbele ya nyumba yetu juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akipelekwa zahanati. Mguu wake mmoja ulining'inia nje. Hakuna aliyeuinua.

Sasa ni saa kumi. Kabula amerudi, amelala mkekani, anasema amechoka tu. Ametoka kwenda chooni mara mbili. Mke wangu anakoroga sukari na chumvi katika maji yaliyochemka. Mkokoteni tumeshauagiza.

Barua kwa mwenyekiti wa kamati ya shule nimeiandika, na safari hii ni fupi. Kifungu cha tatu ni changu, na ni kibaya. Pipa limwagwe. Kila mtoto anywe maji ya chupa yake, na aliyekosa kuni apewe nasi tulio nazo. Hilo likishindikana, shule ifungwe.

Naomba uamuzi kabla ya kengele ya kesho.