Mabati ya Nyumba Moja

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikaiweka kalamu chini kidogo, kana kwamba ningeweza kuisikia tena marahaba yako, ile ya haraka uliyoitoa huku macho yakiwa kwa mteja mwingine.

Nakuandikia nikiwa dukani. Ni Jumapili asubuhi na nimefungua mlango mmoja tu. Mtaa umetulia kadiri Kariakoo inavyoweza kutulia. Nina jambo la kukueleza, na wiki nzima nimelizunguka, maana siwezi kukueleza hilo bila kwanza kukueleza kosa nililofanya.

Siku tulipomaliza matanga yako, Baba mdogo aliniita uani. Unamjua mdogo wako, hana maneno mengi. Alisema nitakaa na duka mpaka mwisho wa mwaka. Wateja wako wa kusini wakibaki, duka litabaki mikononi mwangu. Wakiondoka, fremu ya duka apewe jirani yetu wa mapazia, ambaye anaitamani tangu nikiwa shule ya msingi.

"Wale watu walikuwa wa dada," aliniambia. "Hawakuwa wa duka."

Nilijua anasema kweli. Watu wenye maduka yao Lindi, Nachingwea, Masasi na Tunduru walikuwa wanakupigia simu, wanataja mabati, nondo na misumari, na wewe unapakia. Walinunua vitu ambavyo hawajaviona, kwa kuiamini sauti yako. Mimi sauti yangu walikuwa hawajawahi kuihitaji.

Unakumbuka likizo zangu za sekondari? Nilikuwa nakaa juu ya maboksi ya misumari na kitabu, nikijifanya sisikii unavyoniita. "Funga hicho kitabu, mwanangu. Hakina miguu, utakikuta." Kisha wewe na Kassimu, mpakiaji wako, mnatoa mabati mawili mpaka katikati ya barabara, mnayashika juani, unainamisha kichwa huku na kule kama fundi cherehani anayelinganisha vitambaa. Maguta ya mizigo yanapiga kengele, madereva wanatukana. Siku moja dereva wa kigari cha kirikuu alichungulia dirishani akapaza sauti, "Mama, unaanika nini hapo njiani?"

"Naanika mahari yako! Umechelewa sana kuoa!"

Mtaa mzima ulicheka, na dereva mwenyewe alicheka kuliko wote. Mimi nilijificha nyuma ya maboksi kwa aibu. Uliporudi ndani, jasho likikutiririka, ulinieleza kwa sauti nyingine kabisa kwamba taa ya dukani nisiiamini, wala namba ya rangi iliyobandikwa kiwandani. Rangi inachanganywa upya kila mara na haitoki vilevile. "Bati za nyumba moja zitoke mzigo mmoja. Zikipungua, mwambie mteja asubiri. Akikasirika, akasirike."

Niliitikia ndiyo, nikarudi kwenye kitabu changu.

Baadaye nilienda chuo kusomea ukadiriaji majenzi, nikapata kazi kwenye ofisi ya Upanga yenye kiyoyozi, na ukawa unamwambia kila anayekuja kununua misumari kwamba binti wa kaka yako anapiga hesabu za maghorofa. Nilidhani duka nimeliacha nyuma. Ulipoumwa nikaomba likizo, halafu likizo ikawa kuacha kazi. Siku ile ya mwisho uliyoweza kuzungumza, nilikuinamia nikitegemea neno la kuagana. Uliuliza, "Mzigo wa Masasi umeondoka?" Nilikwambia umeondoka. Nataka ujue kwamba ulikuwa umeondoka kweli. Sikukudanganya.

Sasa kosa langu. Mama Rukia wa Nachingwea, mteja wako wa kwanza kabisa, aliagiza mabati themanini mekundu. Nyumba ya mwalimu mstaafu, alisema, amejenga taratibu kwa miaka. Nilikuwa na sitini ya mzigo wa zamani. Ya mzigo mpya yalikuwa yameshuka asubuhi ileile. Namba ya rangi ilikuwa moja. Nilitoa kile kifaa changu cha kupimia unene, nikapima bati moja moja, nikapima urefu, nikaandika. Kassimu alinitazama akasema, "Dada, tusubiri kidogo, jua litoke tuyaangalie." Kulikuwa na wingu, na lori lilikuwa linaondoka saa tano. Nilimwambia vipimo vyote viko sawa. Nilichukua ishirini mapya nikayachanganya na yale sitini.

Nakwambia ukweli, Shangazi, nilijisikia vizuri sana siku ile. Niliona nimefanya kazi yako vizuri kuliko wewe.

Wiki mbili baadaye ikaja picha kwenye simu. Paa jipya, jua kali la Nachingwea, na katikati ya wekundu kuna mabati yaliyoiva zaidi, yametawanyika kama viraka kwenye kanzu. Chini ya picha kulikuwa na sauti ya Mama Rukia. "Mwanangu, mwalimu wa watu kalia. Miaka yote anajenga, leo watoto wanapita njiani wanacheka. Mimi nimwambie nini? Eeh? Marehemu hajawahi kunifanyia hivi."

Nilikaa nikaanza kuandika jibu. Jibu refu, lenye picha za namba za rangi, vipimo vyangu na jina la kiwanda. Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Nilimsomea Kassimu, na alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekalia roli ya waya.

"Umeandika vizuri," akasema. "Sasa hiyo barua mwalimu ataezekea wapi?"

Nilikasirika. Nilienda stoo nikasimama katikati ya mabati, na nafikiri nililia, ingawa sikuwa na uhakika ninalia kwa ajili ya paa la mwalimu au kwa ajili yako. Nilijua kwamba nikikubali kosa, Mama Rukia atasimulia, na kusini wote wanaongea. Nikikataa, pia watasimulia. Mwaka ulikuwa umebaki na miezi mitatu. Nilitaka kukuuliza wewe, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, maana jibu ulikuwa umeshanipa zamani, nikiwa na kitabu mkononi.

Niliifuta ile barua nikapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia nusu nusu.

"Nimekosea. Nimechanganya mizigo miwili. Kassimu alinikanya, sikumsikiliza. Kiwanda hakina kosa, wala mwalimu, wala fundi wake. Ni mimi."

Nikamwambia nitapakia mabati mengine arobaini, yote ya mzigo mmoja, yatoshe upande wa mbele wa paa, ule unaotazama barabara, na fundi nitamlipa mimi. Hakunishukuru. Alisema, "Tutaona," akakata.

Safari hii Kassimu na mimi tuliyatoa yote arobaini nje, bati moja moja. Dereva mmoja alinitukana tusi ambalo sitaliandika hapa. Nilitafuta jibu kama lako, sikulipata, nikamwambia tu, "Samahani kaka, subiri kidogo." Akashangaa, akasubiri.

Baba mdogo alipojua, alikuja mwenyewe kutoka Mbagala. "Umegawa mabati bure? Hili ni duka au matanga?" Nikamweleza. Alisikiliza, akavaa kofia yake, akaondoka bila kunywa chai. Halafu kusini kukawa kimya. Simu ililia kwa watu wa hapahapa mjini, mmoja anataka misumari, mwingine anauliza bei tu. Wiki moja ikapita, ya pili, ya tatu. Jirani wa mapazia akaingia siku moja na utepe wa kupimia, eti anaangalia tu upana wa ukuta. Nilimwachia apime. Sikuwa na nguvu ya kumfukuza.

Jumatatu iliyopita niliinua macho nikamwona Mama Rukia mlangoni, na vumbi la safari bado kwenye baibui. Nyuma yake walisimama wanawake wawili, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Masasi.

"Ndiye huyu?" mmoja akauliza. "Mbona kadogo? Kwenye simu anaongea kama hakimu."

"Ndiye," Mama Rukia akasema. Hakukaa. Alinitazama kutoka juu mpaka chini kama anayenunua. "Mwalimu amekusalimu. Paa limependeza. Ila sasa hataki mtu azunguke nyuma ya nyumba. Ukija mgeni, anakushika mkono anakukalisha barazani, hata chooni anakusindikiza mwenyewe."

Wote wakacheka. Ndipo Mama Rukia akasema, kwa sauti ya chini, "Walionikosea kwenye biashara hii ni wengi, mwanangu. Aliyesema 'ni mimi' kabla sijamaliza kumtukana ni wewe peke yako. Haya, toa daftari. Hawa nao wana mahitaji."

Niliandika mpaka mkono ukauma. Mabati ya nyumba mbili na ya zahanati moja. Kwenye zahanati hatukuwa na mabati ya kutosha ya mzigo mmoja, nikawaambia itabidi wasubiri. Yule aliyeagiza ya zahanati alinuna. Nikamwacha anune.

Jioni yake nilimpigia Baba mdogo. Nikamsomea daftari lote. "Basi," akasema, "leseni haiwezi kuendelea kwa jina la marehemu. Kaandikishe jina lako."

Hili ndilo jambo nililokuwa nalizunguka, Shangazi. Nimekaa na fomu ya manispaa tangu Jumanne. Nimejaza anwani na aina ya biashara, nikawa naruka pale panapouliza mmiliki ni nani. Kuandika jina langu hapo niliona ni kama kukuzika mara ya pili, na kwa mkono wangu mwenyewe. Nimewahi kuitwa msomi, mkaidi, mpole kupita kiasi. Mmiliki sijawahi kuitwa, na sikuwahi kutaka kuwa, mpaka wiki ile ya utepe wa kupimia, nilipogundua ninavyoiogopa siku ambayo hapa patauzwa mapazia. Nilikuwa najiambia nalinda kilicho chako. Kumbe nilikuwa nimeshapapenda mwenyewe.

Asubuhi hii, kabla ya kuanza barua hii, nimeliandika. Kwa wino, kwa herufi kubwa, kama fomu inavyotaka. Kesho naipeleka.

Sijui utalipokeaje. Naomba tu usilione kama kukufuta. Pumzika, Shangazi. Kassimu amefika na lori la Masasi, anapiga kelele niweke kalamu chini nikamhesabie, na kweli jua limeshapanda. Mzigo wao unaondoka leo.

Nakupenda, na duka liko wazi.

Mimi,
Binti wa kaka yako