Waliosimama Nyuma Yangu

Jumatatu, 9 Machi 1998
Rukia, huna adabu. Chuo cha Wachina kimekufundisha kuchora yale maandishi yao ya vijumba vijumba, hakikukufundisha kuzungumza na bibi yako. Leo tunakula tambi, watu wamejaa, ananiambia, "Bibi, kamati ya shule ya msingi nayo ni kitu? Waachie wengine upumzike." Nilitaka kummwagia mchuzi. Sikummwagia. Mchuzi ulikuwa mtamu.

Asubuhi tulikuwa Zhanxi, soko la viatu la huku kwa Wachina. Viatu vyeusi vya shule, katoni arobaini. Kina mama wa mtaa wetu Dar wamenituma, wanasema mimi siibiwi. Nimekunja soli moja moja. Mwanamke mwenye duka, laoban, ndivyo wanavyowaita mabosi hapa, ananiogopa. Vizuri.

Ukungu tu. Mvua hakuna, lakini kuta za hoteli zinatoa jasho kama mtu mwenye homa. Kanga yangu siku ya tatu haijakauka.

Jumatano, 11 Machi
Rukia bado hajaniomba radhi. Niandike mambo ya kamati hapa, niyaone mwenyewe kama si kitu.

Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, kwenye shule ile ile, masomo ya jioni. Nilikaa dawati la mtoto, magoti kidevuni. Mwaka wa themanini na sita wakanichagua kamati. Uchaguzi wetu hauna karatasi. Wagombea mnasimama mkitazama ukuta wa darasa la kwanza. Wazazi wanapanga mstari nyuma ya yule wanayemtaka. Kugeuka marufuku mpaka Mwalimu Mkuu amalize kuhesabu, na akimaliza watu wameshatawanyika. Kwa hiyo sijawahi kumwona hata mmoja aliyenichagua. Unasikia ndala tu. Unasikia kikohozi, unasema huyo wangu, kumbe wa jirani.

Themanini na tisa nikapita tena. Tisini na mbili nikaanguka, watu wanne tu. Niliwaambia wazazi mkutanoni kwamba watoto wao wananuka na wao ndio wa kulaumiwa. Ilikuwa kweli. Sijutii. Nilijuta kidogo. Tisini na tano wakanirudisha, maana miaka mitatu hiyo mabati ya stoo yalitembea yenyewe mpaka yakaisha.

Sasa uchaguzi ni Jumamosi ya tarehe ishirini na moja. Anayeshindana nami ni Bwana Mkude mwenye malori. Anataka nusu ya uwanja wa shule ayalaze malori yake. Watoto wacheze wapi? Juu ya bati?

Ndege yangu ni Jumanne ya tarehe kumi na saba. Nitawahi.

Ijumaa, 13 Machi
Hapa mchana soko zima linalala. Sikuamini mara ya kwanza. Wakishakula, laoban analaza kichwa juu ya meza ya hesabu, msichana wake anajikunja juu ya marobota ya nguo, wenye mikokoteni wanalala ndani ya mikokoteni. Maelfu ya watu, kimya. Feni tu zinazunguka.

Na mimi nikalala, kwenye kigoda, mgongo kwenye katoni. Nikaota nimesimama natazama ukuta, lakini ukuta wenyewe ni ukungu. Nyuma yangu ndala. Nyingi. Zinakuja zikivuka daraja la waenda kwa miguu la stesheni iliyo karibu na soko hapa, zinateremka ngazi, hazikomi. Mtu ananipumulia shingoni, pumzi ina harufu ya udi, nikajua ni marehemu mume wangu. Yeye hakuwahi kunichagua. Alisema mwanamke kamati ataharibika. Nikataka kugeuka nimuulize umefuata nini leo. Shingo ikagoma.

Niliamka nimelowa. Laoban akanipa chai ya moto, haina sukari. Mbaya. Nimeinywa yote.

Jumatatu, 16 Machi
Balaa.

Katoni zimeshafungwa, mimi nikasema fungueni. Laoban akasema hakuna shida, mama, hakuna shida. Fungua! Katoni kumi na tisa zina viatu vya kushoto vitupu. Kushoto na kushoto. Kiwanda kimechanganya, au kimefanya makusudi, sijui. Rukia akamfasiria, laoban akapiga simu, akapiga kelele kuliko mimi. Jibu: vya kulia vitakuja Ijumaa. Kabla ya hapo meiyou, yaani hakuna.

Ndege ni kesho. Nikiondoka, vitafungwa hivi hivi, na watoto wa kina mama watakwenda shule mguu mmoja. Nikikaa, Mkude atasimama ukutani peke yake.

Nimekaa kwenye kigoda saa nzima. Rukia amenishika mkono. Hilo nalo ni adabu, nimeliona.

Jumanne, 17 Machi
Ndege imekwenda. Mimi nipo.

Alhamisi, 19 Machi
Nimekwenda mtaa wa Xiaobei, kwenye duka la simu. Nimempata Zainabu, binti yangu, mama yake Rukia, kwa simu ya duka la dawa la jirani. Nimemwambia asimame kwa niaba yangu. Naye ni mzazi, mwanawe wa mwisho yuko darasa la nne.

"Mama, mimi? Mbele ya watu?"

"Huchinjwi. Unatazama ukuta."

Zainabu nimemzaa mimi lakini sauti sijui alipewa na nani. Akiwa na watu zaidi ya watano inamwingia tumboni. Kabla ya kupanga mstari kila mgombea anasema neno, kwa hiyo nikamsomea maneno yangu, akaandika. Nikamwambia usome hivyo hivyo, usiongeze, usipunguze. Akasema ndiyo mama kwa sauti ya panya. Nimeshaanguka. Najua.

Jumamosi, 21 Machi
Vya kulia vimekuja jana. Leo nimelinganisha jozi moja moja tangu asubuhi. Viko sawa.

Uchaguzi ni saa tatu asubuhi Dar, hapa ni saa nane mchana. Soko limelala. Nikasema basi. Nikavaa kanga yangu vizuri, nikasimama wima, uso kwenye ukuta wa maboksi ya viatu, mikono chini. Nikafumba macho. Nilikuwa kule kabisa. Vumbi la uwanja, chaki, jua kwenye kisogo. Nikasikia miguu nyuma yangu. Mmoja. Halafu mwingine. Sikugeuka, mimi sheria naijua. Nikahesabu moyoni mpaka nikachoka, ndipo nikageuka.

Watu watatu. Mnunuzi mmoja wa Mali, mrefu, na mama wawili wa Kichina wenye mifuko. Wamepanga mstari nyuma yangu. Wamedhani kuna kitu kinagawiwa.

"Mama, wanatoa nini hapa?" Yule wa Mali kaniuliza kwa Kiingereza, Rukia akanifasiria huku akicheka mpaka amekaa chini.

Miaka kumi na miwili, hao ndio wa kwanza niliowaona sura. Nikawapa mkono wote watatu.

Jumapili, 22 Machi
Nimepiga simu. Zainabu analia. Nikasema haya, tumeanguka, nyamaza. Akasema hatukuanguka, mama. Sitini na mbili kwa hamsini na nane.

Sasa unalia nini?

Akasema Mratibu wa elimu wa kata amekataa kuandika jina langu. Asiyekuwepo hachaguliwi. Aliyesimama ndiye aliyechaguliwa. Wameandika Zainabu.

Na yale maneno yangu hakuyasoma. Alianza mstari wa kwanza, sauti ikakatika, akakunja karatasi. Jirani wa duka la dawa alichukua simu akaniambia mwenyewe: "Bibi, ungekuwepo! Alisema, mimi naogopa kuongea, lakini nyumba yangu inatazama uwanja, na kila lori la Bwana Mkude likirudi kinyumenyume pale ukingoni naacha sufuria nakimbia kuhesabu watoto. Basi, akasema hayo tu, akageukia ukuta."

Nikakata simu. Sikumpongeza.

Jumatatu, 23 Machi
Nina hasira. Kiti changu. Sitaki chakula, sitaki Rukia, sitaki mtu aniite mama. Usingizi wa mchana umekataa kuja. Wote wamelala, mimi peke yangu macho, kama mlinzi.

Maneno yangu yalikuwa mazuri kuliko yake. Hapana. Hayakuwa. Mimi ningewatukana.

Jumanne, 24 Machi
Ukungu umepanda, nimeona paa za nyumba kwa mara ya kwanza wiki hii. Kanga imekauka. Katoni arobaini zimeingia kwenye lori, nimeliangalia mpaka likakata kona. Ndege ni usiku.

Mchana nililala kidogo. Ukuta ule ule, lakini mara hii aliyesimama mbele ni Zainabu, mdogo, ana sare ya shule. Mimi nipo nyuma yake. Nimeona kisogo chake, nywele alizosuka vibaya. Hajui ni nani yuko nyuma. Nikakohoa, hakugeuka. Vizuri, sheria anaijua.

Nimempigia. Nimempongeza. Imenitoka kwa shida lakini imetoka. Kisha nikampa kazi, nami naiandika hapa asije akasema hakuambiwa.

Jumatatu ijayo bwana ardhi wa serikali anakuja kupima mpaka wa uwanja kwa kamba, Mkude asije akaumega. Zainabu, uwe pale kabla yake. Ushike mwisho wa kamba wewe mwenyewe, uivute mpaka ikaze, na asikupokee mtu.