Pipa Lilipofika Arobaini

Fort McMurray,
Jumapili, tarehe 6 Desemba

Mama mpenzi,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Barua yako ya mwezi wa nane iko juu ya friji mpaka pembe zake zimejikunja, na kila nikipita naiambia kesho. Nafasi ilikuwa haba, kweli, lakini si nafasi iliyonizuia. Najua tunapigiana simu. Ila kwenye simu wewe unasikia sauti yangu kabla hujasikia maneno, na Mama mdogo Philomena yuko hapo pembeni anauliza, “Kasemaje? Kasemaje?” Haya ya leo hayasemeki hivyo. Nakuomba uisome kwanza peke yako, halafu ndiyo umsomee.

Hujambo lakini? Goti linaendeleaje na baridi hii? Kuni unaletewa, au bado unazibeba mwenyewe kutoka bandani na mimi nilishakukataza? Huku sisi ni wazima. Alma ana meno manne, la tano linamtesa, na ameanza kutambaa kinyumenyume, akifika ukutani anatushangaa kana kwamba sisi ndio tumeuweka. Leander mzima, amepungua kidogo. Mimi nimechoka tu, uchovu wa kawaida, ule wa kukaa kitandani na soksi moja mkononi ukasahau ulikuwa unafanya nini.

Mapazia yalifika salama. Ni mazuri sana, Mama. Buluu ile ile ya milango ya kwetu Gannet Cove, na upindo wake umenyooka. Yamo kwenye sanduku chini ya kitanda. Nitakueleza kwa nini.

Nianze na karatasi ya Leander. Tulipohamia huku miaka mitatu iliyopita pipa la mafuta lilikuwa linauzwa zaidi ya dola mia, na nyumba zilikuwa hazishikiki. Leander alisema nyumba za mji huu zinalifuata pipa kama mbwa anavyomfuata mwenye mfupa, kwa hiyo mwenye akili hanunui pipa likiwa juu, anangoja. Akachukua karatasi, akaandika 40 kwa kalamu nene, akaibandika kwenye friji. Likifika hapo, alisema, tunanunua. Tukakaa kwenye chumba hiki cha chini ya ardhi, dirisha moja usawa wa theluji, tukangoja.

Watu walimcheka. Selby wa Burin, aliyekuwa naye kikosi kimoja cha kufunga majukwaa ya chuma ya kupandia mafundi, alinunua nyumba mwaka ule ule, bei ikiwa juu kabisa. Alikuwa akishuka ngazi zetu ameinama, anapiga dari kwa ngumi na kusema, “Leander, bwana, kwetu humu ndimo tunamowekea viazi! Utaota mizizi!” Leander naye hakubali kushindwa. Alimjibu kwamba afadhali kiazi, maana kiazi hakina mkopo. Mkewe Selby, Geneva, alinivuta pembeni akaniambia taratibu, “Roselle, shoga yangu, mtoto hasubiri pipa.” Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu wakati huo. Nilimwambia mume wangu anajua anachofanya.

Pipa likaanza kushuka. Nikwambie kweli, tulifurahi. Leander akiwa kambini kwenye machimbo ya mafuta, zamu yake ya siku kumi na nne, alikuwa anapiga simu kila jioni baada ya chakula, na kabla hajauliza habari ya mtoto anauliza, “Ngapi leo?” Anajua vizuri ni ngapi, anataka tu kunisikia nikisema. Themanini. Sabini na mbili. Anacheka: “Bado, Roselle, bado. Tulia.” Siku moja tulikwenda kula kwenye ukumbi wa watu wa kwetu, Jumamosi, samaki na viazi kama kawaida, na televisheni ikasema pipa limefika hamsini na tano. Leander alipiga meza kwa furaha. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Mama mmoja mtu mzima, mpishi wa kambini, akamuuliza, “Kijana, unajua unashangilia nini?” Njiani Leander alisema ni wivu, hao wote walinunua juu. Nami nikaitikia.

Hatukuona, Mama. Ndilo kosa letu lote hilo, wala halina undani zaidi. Mwanamume anakula kwa kufunga majukwaa ya watu wa mafuta, halafu anaomba kila siku mafuta yaporomoke. Na mkewe anaitikia.

Kisha watu wakaanza kupunguzwa kazini. Kwanza wageni wa mikataba, halafu wa kudumu. Mimi ndiye niliyepata kazi nyingi mwaka huu kuliko wote, maana Bi Luz, bosi wangu wa usafi, alipewa nyumba zilizoachwa tuzisafishe kabla benki haijaziuza. Kwetu nyumba ikitakiwa kuondoka, inaondoka na wenyewe. Nyumba ya Babu si ilivutwa juu ya barafu kutoka kisiwani, wanaume hamsini na kamba, na Bibi akasema hata vikombe havikuanguka? Za huku hazivutiki. Mtu anaacha ufunguo juu ya meza ya jikoni, anapakia gari, anaondoka, na benki inabaki na nyumba yake.

Mwezi wa saba Bi Luz alinipa karatasi ya anwani tatu, na ya pili ilikuwa ya Geneva. Hawakuwa wametuaga. Nilikuta ameifagia nyumba kabla ya kuondoka, hivyo alivyo. Ufunguo ulikuwa juu ya meza, umelazwa juu ya kitambaa cha vyombo kilichokunjwa vizuri. Bandani kulikuwa na nusu ndoo ya nyama ya chumvi, ile ya kutoka kwetu. Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni walikuwa wamechora kwa penseli urefu wa watoto kila siku ya kuzaliwa. Kazi yangu ilikuwa kufuta. Nilifuta. Alma alikuwa mgongoni amelala. Sikulia, sijui kwa nini. Nilisuuza tambara, nikaenda bafuni.

Wiki mbili zilizopita pipa likafika arobaini, halafu likapita, thelathini na tisa. Leander alirudi kutoka kambini, hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye friji, akaibandua ile karatasi, akaikunja mara nne akaitia kwenye pochi yake, kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Akambeba Alma juu, akamwambia, “Umeona baba yako? Wote walinicheka.” Na nyumba aliyoichagua, Mama, ilikuwa ile ya Selby. Bei yake ilikuwa imeanguka karibu nusu. Alisema tungekuwa wajinga kuiacha kwa sababu ya kuona haya. Benki ikatupa miadi ya kutia sahihi Alhamisi hii iliyopita, sisi wote wawili.

Jumanne simu ikalia. Msimamizi wa kikosi aliwaambia wote kwamba zamu inayofuata haijathibitishwa, wakae karibu na simu. Ni maneno hayo hayo aliyoambiwa Selby kabla hajaachishwa kazi. Leander alikaa kwenye ngazi. Kisha akaniambia tusimwambie mtu. Slipu yake ya mshahara bado ilikuwa nzuri, alisema, na kukaa karibu na simu si kufukuzwa. Tutie sahihi kwanza, kabla hawajapiga. Nikamuuliza, na wakipiga? Akasema, “Roselle, nimengoja miaka mitatu. Nikiikosa hii, nilikuwa nangoja nini?” Nilimpa chai.

Alhamisi tukaenda. Alma magotini kwangu anatafuna kamba ya kofia yake. Mama wa benki aliyetupokea alikuwa mpole, alitupa peremende. Alituwekea karatasi, akaweka kalamu juu, na kabla ya yote akauliza, kama wanavyouliza kila mtu, kama kuna chochote kilichobadilika kazini. Leander akasema hakuna. Akanigeukia mimi. Nikasikia mdomo wangu unasema kwamba zamu ya mume wangu imekwisha na hajapewa nyingine. Nilisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, kama ninayetaja saa. Yule mama akaichukua kalamu, akaifunika.

Leander alisimamisha gari kwenye taa nyekundu karibu na mto. Nilidhani atanigombeza, na ningekubali. Akasema, “Ungeniacha nikaseme mwenyewe.” Nikamwambia hukuwa unasema, mpenzi wangu. Taa ikawa kijani, wa nyuma akapiga honi, naye bado amekaa tu. Kisha akacheka kidogo, akasema alidhani ni nyumba ndizo zinazolifuata pipa, kumbe na yeye alikuwa nyuma, kamba shingoni.

Ijumaa saa nne asubuhi walipiga kumwambia kazi imekwisha. Ilichukua dakika moja.

Sasa lile lililonifanya nikae bila kuandika. Mama, hatujanunua nyumba. Mwezi wa sita hatukununua, wala mpaka leo hatujanunua. Mwezi huo wa sita uliponipigia niliwasikia wenzako wa karata nyuma yako, na ulipofika kwenye habari ya nyumba ukashusha sauti, kama mtu anayemuulizia mgonjwa. Nikachoka. Nikasema tumenunua. Nikakusikia unawatangazia na wao wanapiga makofi, na Mama mdogo anapaza sauti, “Ina vyumba vingapi?” Nikasema vitatu. Wiki iliyofuata ukataka vipimo vya madirisha, na mimi kila ukipiga nasema nitapima, nitapima.

Vipimo nilivyokutumia ni vya madirisha ya Geneva. Siku ile ya usafi, nilipomaliza kufuta mlango, nilitoa futi ya Bi Luz mfukoni nikapima moja moja, jikoni, sebuleni, vyumba vitatu, nikaandika nyuma ya karatasi ya anwani. Jiko linalopata jua la asubuhi nililokusimulia ni lake. Sinki mbili za bafuni ni zake. Ulishona usiku na mchana na goti lako, na kila nikiyatazama mapazia yale naona nimekutuma umshonee mtu aliyekwisha ondoka. Leander alidhani umeyashona kwa kubahatisha, kwa siku ile tutakayonunua. Jana nilimwambia ukweli. Akasema, “Na wewe ulikuwa unangoja, basi.”

Usije ukawaambia watu kwamba binti yako alikataa pale benki kwa sababu ana akili. Nilikuwa nimeshaishi kwenye nyumba ile kwa uongo miezi mitano, nikajua inavyochosha. Nisamehe. Wale wa karata usiwafiche. Kama itakuwa vigumu kwako, waache, nitawaambia mwenyewe, maana tunakuja.

Ndiyo, tunakuja nyumbani. Leander anasema ni mpaka mambo yatengemae, pipa likipanda atarudi kambini. Mimi nimemwambia aseme apendavyo, lakini mtoto na mimi hatungoji tena namba kwenye friji. Tumelipa pango mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza. Tutaendesha gari polepole, barafu ikituruhusu tutavuka na feri katikati ya mwezi wa pili. Kile chumba cha nyuma kinatutosha. Baba alipokijenga hakumuuliza mtu pipa limefika ngapi, ingawa najua ungesema alimuuliza kila mtu bei ya misumari.

Leander usimseme atakapofika. Mpe kazi tu, mpe banda alitengeneze. Hajalala vizuri, na anajifanya mzima mbele ya Alma.

Msalimie Mama mdogo Philomena, mwambie nimempata mtu wa kumtafunia kamba za kofia. Wasalimie wenzako wa karata, wote. Jifunike shingo ukitoka nje, na kuni usibebe. Alma anakupungia mkono, huo umekuwa mchezo wake mpya, anapunga hata kwa friji.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Roselle

Vitu ninavyohitaji nimeviandika kwenye karatasi hii nyingine, uichukue ukienda dukani. Ukiigeuza utaona ile 40. Leander ndiye aliyenipa, hatukuwa na karatasi nyingine.

Soksi za sufu za Alma, pea mbili, kubwa kuliko zile za mwanzo, mguu umekua.

Glovu zake za kufumwa, zile zisizotenganisha vidole.

Chupa moja ya jamu ya matunda ya manjano ya kinamasini, ya Leander. Mwenyewe hataomba.

Ufunguo wa banda la Baba, au kama umepotea niambie, tutakuja na kufuli jipya.

Nyama ya chumvi usitume. Tutaila huko.

Vipimo vya dirisha la chumba cha nyuma, upana na urefu. Pima mwenyewe kwa futi, Mama, usikisie. Haya mapazia ni marefu, nitayakata.