Kongamano Moja, Shangazi Saba

Jumatatu, 3 Machi
Barua pepe ya bosi: mwaka huu idara itapeleka mtu mmoja kwenye kongamano moja la waandishi wa programu. Mmoja! Nimechapisha orodha yangu, makongamano kumi na moja, nikaanza kukata. Lile la jukwaa kubwa: wauzaji, kelele, fulana za bure. Kata. Lile la "viongozi wa kesho": porojo. Kata.

Jumanne, 4 Machi
Limebaki dogo, la siku mbili. Watu mia hivi, kila mmoja na programu yake mezani, wanakosoana. Na kampuni zinaajiri palepale. Miaka tisa nimo katika chumba hiki kisicho na dirisha. Nalitaka hilo. Nalitaka mno.

Ijumaa, 7 Machi
Fomu ya kuomba kwenda inauliza: nani atakushikia kazi? Kila mwaka nakwama hapo hapo. Mfumo wa foleni za hospitali niliuandika peke yangu, tena kwa ujanja – bila hata mstari wa maelezo, na kila sehemu nikaiita shangazi, asielewe mtu ila mimi. Shangazi Mkubwa anapokea wagonjwa. Shangazi Mkorofi – ukimgusa tu, foleni yote inasimama. Nilidhani hivyo hawatanifukuza. Kweli hawajanifukuza. Wala hawaniachii. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeanza kumfundisha Baba Mapacha, mwenzangu wa meza ya pili. Kacheka mpaka machozi: ukoo gani huu, dada, hakuna anayesalimiana na mwenziwe! Lakini anashika upesi.

Jumanne, 18 Machi
Mfumo umekwama, na ameufufua peke yake! Mimi nilikuwa nje nanunua chai, simu haikulia hata mara moja. Nimepanda ngazi naimba. Fomu nimeijaza: jina langu juu, jina lake kwenye mstari ule.

Alhamisi, 20 Machi
Bosi kaniita. Tabasamu la sikio hadi sikio. Ati hongera, umemnoa mwenzako vizuri, basi yeye ndiye atakwenda. Na mimi? Ati mimi ni nguzo, nyumba haiwezi kubaki bila nguzo. Nikasema asante. Asante! Mdomo huu! Nimelia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Ijumaa, 21 Machi
Baba Mapacha kavuta kiti. Kaniomba radhi, ati hakuomba yeye, kaambiwa tu. Namwamini, na hilo ndilo linaniumiza. Bosi kampa orodha ya makongamano achague mwenyewe, jibu kabla ya saa sita.

"Dada, haya unayajua wewe. Lipi lina faida kweli?"

Akienda lile dogo watamchukua – nani asiyemtaka? – na mimi nitabaki na shangazi zangu saba hadi kustaafu. Akienda lile kubwa, atarudi. Na fulana.

Saa sita kasorobo. Nimemwambia asubiri, namalizia kuandika kitu. Kalamu yake iko juu ya fomu. Ati nisijali, chochote nitakachotaja ataandika hicho hicho.